Maji Hupaa, Chumvi Hubaki

Februari 2019 nilisafiri kwenda Taita kwa mazishi, nikakaa huko siku 9, na nyumba yangu ya Mombasa nikamwachia mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 16 aliyekuwa ananisaidia kulitunza tangi la samaki wa bahari. Nilimwonyesha kiasi cha chakula, nikamwonyesha alama ya tepu nyeusi niliyoibandika kwenye kioo, na nikamwambia kwamba maji yakishuka chini ya alama hiyo ayarudishe. Sikumwambia ayarudishe kwa maji gani. Chini ya meza kulikuwa na mitungi miwili ya manjano iliyofanana, mmoja ukiwa na maji ya bahari na mwingine maji matamu yaliyosafishwa, na mimi niliyezoea kuichukua bila kufikiri sikuona haja ya kueleza kilichomo.

Nilirudi Jumapili jioni nikakuta kazi nzuri. Kioo kilikuwa kimepanguswa, maji yalikuwa sawasawa na tepu, samaki wawili wa anemoni walikuwa wanazunguka mahali pao pa kawaida. Nilichukua tone la maji kwa mrija, nikaliweka kwenye rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, nikaielekeza kwenye taa, na mstari unaotenganisha rangi ya buluu na nyeupe ukasimama kwenye 42. Nilifuta kifaa, nikapima tena, ukasimama palepale. Maji ya bahari ya kwetu huwa karibu na 35, yaani gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji, na kabla ya kuondoka tangi lilikuwa hapo. Nilipomuuliza kijana alijibu kwa uaminifu: “Shangazi, hawa ni samaki wa bahari, nami nimewapa maji ya bahari.”

Jibu lake lina mantiki, na ndiyo sababu kosa hili huwapata watu wengi wanaoanza. Maji yanapokauka kwenye tangi, kinachoondoka ni maji peke yake. Chumvi yote hubaki, kama inavyobaki kwenye sufuria ya mchuzi iliyosahauliwa jikoni, na mchuzi unaozidi kukolea haurekebishwi kwa kuongezewa mchuzi mwingine wenye chumvi ileile. Tangi langu lina urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30, ambazo kwa hesabu ni lita 54, lakini ukitoa mawe, mchanga na nafasi iliyoachwa juu, maji halisi ni kama lita 45. Katika joto la Februari linapoteza takriban lita moja kwa siku. Kwa siku 9 kijana alikuwa amejaza lita 9 za maji ya bahari, na kila lita ilileta gramu 35 za chumvi juu ya zile zilizokuwemo. Gramu 315 zikigawanywa kwa lita 45 ni 7, na 35 ukijumlisha na 7 unapata 42. Kifaa hakikukosea hata nukta moja.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachojutia. Nilikaa na kalamu nikakokotoa kwamba ili kutoka 42 hadi 35 ninapaswa kutoa lita 7 na nusu za maji ya tangi na kurudisha kiasi hichohicho cha maji matamu. Hesabu ilikuwa sahihi. Nikatoa maji kwa mpira, nikamimina maji matamu taratibu ili nisitimue mchanga, na chini ya nusu saa kifaa kikasoma 35. Nililala nikiamini kwamba nimewaokoa.

Asubuhi kamba mmoja kati ya wawili niliokuwa nao, wale wekundu wenye mstari mweupe mgongoni na ndevu ndefu nyeupe, alikuwa amelala ubavu kando ya jiwe, ndevu zimeshikana na mchanga. Wa pili alikufa kabla ya adhuhuri. Kiti cha pweza mdogo niliyekuwa naye, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, alikuwa amejiachia kutoka kwenye kioo, mikono yake imelegea kama kitambaa kilichotota, na Jumatano nikamtoa. Naamini sasa kwamba tangi dogo kama langu halikuwa mahali pa kumweka kiumbe yule hata kidogo, na tangu siku hiyo sijaweka mwingine. Konokono watano walikuwa wameanguka chini na kujifungia, watatu kati yao wakaamka siku zilizofuata. Samaki walipumua kwa kasi siku nzima, lakini kesho yake wakala.

Ilinichukua muda kukubali kwamba wanyama hao hawakuuawa na siku 9 za kijana. Yeye, bila kujua, alikuwa amepandisha chumvi kwa chini kidogo ya 0.8 kwa siku, na kwa mwendo huo wote waliendelea kuishi hadi 42. Mimi niliishusha 7 kwa nusu saa. Maji ya Ghuba ya Uajemi na ya kaskazini ya Bahari ya Shamu hufikia 40 na kuzidi, na humo wamo samaki, kamba na matumbawe wanaostawi, kwa kuwa wamezaliwa humo na miili yao imezoea. Kiwango cha chumvi kina mipaka yake, lakini mwendo wa kuibadilisha ndio unaoua haraka zaidi.

Sababu yake imo mwilini mwa wanyama wenyewe. Samaki wa bahari ana majimaji ya mwili yenye chumvi takriban theluthi moja ya ile ya bahari, kwa hiyo wakati wote maji yanamtoka kupitia matamvua, naye hulazimika kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi ya ziada kupitia matamvua hayohayo. Ana mtambo wa kujirekebisha, na mtambo huo unahitaji muda kubadili kasi yake. Kiti cha pweza hana mtambo wa namna hiyo: ndani yake ni karibu sawa na nje yake, hivyo maji ya nje yakipungukiwa chumvi ghafla, maji huingia kwenye chembe za mwili wake na kuzivimbisha kabla hajaweza kufanya lolote. Konokono na matumbawe nao hawana kinga kubwa, na kamba wa aina hii hustahimili mabadiliko kwa kiasi kidogo tu. Ndiyo maana katika tangi lililochanganya viumbe, samaki anayeogelea vizuri si ushahidi kwamba mambo ni salama. Mtazame kamba kwanza.

Laiti ningejua siku ile, ningetoa lita moja tu ya maji ya tangi kila jioni na kuweka lita moja ya maji matamu, huku nikiendelea kufidia yaliyokauka kwa maji matamu. Katika lita 45, lita moja ya maji yenye 42 inaondoa chumvi ya takriban 0.9, na siku ya nane kifaa kingesoma 35. Kazi yenyewe haizidi dakika tano kwa siku. Kwa sasa sivuki badiliko la 1 kwa siku, na nikiwa na kamba anayekaribia kujivua gamba naenda kwa nusu ya hapo, nikipima kabla ya kuongeza na kupima tena saa kadhaa baadaye, maji yakishachanganyika vizuri.

Hapa Mombasa mambo ya chumvi hayatengani na mambo ya joto. Wakati wa kaskazi chumba changu hupita nyuzi 30, na maji yaliyoachwa bila kupozwa huwafikisha wanyama pabaya, kwa hiyo naweka feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji. Feni hupoza kwa kuyakausha maji. Haina njia nyingine ya kufanya kazi hiyo. Kila nyuzi inayoshuka imelipiwa kwa maji yaliyopaa, na siku ya jua kali yenye feni usiku na mchana tangi langu hupoteza hadi lita moja na nusu. Ukiacha siku tatu bila kujaza, lita 45 zimekuwa 40 na kitu, na chumvi imetoka 35 hadi karibu 39, kisha ukijaza zote kwa mkupuo mmoja unaishusha tena kwa dakika moja. Kupanda na kushuka huko kila wiki ndiko kunakowachosha wanyama, ingawa kila Jumamosi ukipima unakuta 35 na kujiona mtunzaji hodari. Najaza asubuhi na jioni, nusu lita au pungufu kila mara, na namimina mahali pampu inaposukuma maji ili yasitue kama tabaka jepesi juu ya jiwe lenye konokono.

Maji matamu yenyewe yana hadithi yake katika mji huu. Mikokoteni inayopita mitaani na mitungi huuza maji ambayo mara nyingi ni ya visima, na visima vya kisiwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe ya kale, kwa hiyo maji yake yana chokaa nyingi na mara kadhaa yana chumvichumvi hata kwa kuyaonja. Ukijaza tangi kwa maji hayo unaongeza chumvi na chokaa kila siku huku ukidhani unapunguza. Ya mfereji huja na klorini. Mwaka wa kwanza nilikinga mvua kutoka kwenye paa la mabati, nikaacha nilipoelewa kwamba mabati yamepakwa zinki, na zinki hata kwa kiasi kidogo ni sumu kwa kamba na konokono. Nilichobaki nacho ni maji yaliyosafishwa kwa mtambo wa kuchuja unaoondoa karibu madini yote, yale yanayouzwa kwa kujaziwa mtungi dukani, na kila mtungi mpya naupima kwanza, na ukionyesha chumvi naurudisha.

Kwa upande wa maji ya bahari, navuka na feri hadi Likoni na kuyachota upande wa bahari kuu wakati maji yamejaa, hasa siku za bamvua, kwa sababu wakati huo maji safi ya nje yameingia juu ya mwamba. Maji yakiwa yamekupwa, vidimbwi vinavyobaki vimekaangwa na jua na vina chumvi kuliko bahari. Katika masika ni kinyume chake: mifereji na mito humwaga maji ya mvua kwenye hori, na maji ya Tudor niliyowahi kuyapima baada ya siku mbili za mvua yalisoma 32. Hayakuwa mabaya kwa kuyatazama. Kama ningeyatumia kubadilisha maji bila kupima ningekuwa nimeshusha chumvi pasipo kujua.

Wapo waliowahi kuniuliza kwa nini nisinunue chumvi ya bahari inayovunwa kwetu, kule Gongoni na Marereni kaskazini mwa Malindi, nikaichanganya na maji safi nyumbani. Mimi mwenyewe nililifikiria jambo hilo kwa sababu linaonekana la maana: chumvi imetoka baharini, basi irudi kuwa bahari. Mkemia William Dittmar, aliyechunguza sampuli 77 za maji zilizokusanywa na meli ya Challenger kati ya 1872 na 1876, alionyesha kwamba uwiano wa madini makuu ya bahari unakaribia kuwa uleule popote uendapo, hata pale jumla ya chumvi inapotofautiana. Uwiano huo ndio unaovunjika kwenye mabwawa ya chumvi. Maji yanapokaushwa na jua, chokaa hutangulia kuganda, ikifuatwa na jasi, kisha chumvi ya mezani, na magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa mwishoni. Kinachopakiwa kwenye gunia ni sodiamu na kloridi karibu tupu. Ukiichanganya utapata 35 kwenye kifaa, lakini konokono hatapata kalsiamu ya gamba lake. Asiye na bahari karibu hana budi kununua chumvi iliyotengenezwa mahsusi kwa matangi, akaikoroga kwenye ndoo kwa pampu ndogo muda wa saa 24, akaifikisha kwenye joto la tangi, ndipo akaitumia. Chumvi kavu isimwagwe kamwe ndani ya tangi lenye viumbe, kwa sababu punje inayotua juu ya mnyama humuunguza kabla haijayeyuka.

Jambo moja zaidi kuhusu ununuzi. Wauzaji wengi huweka samaki wao kwenye chumvi ya chini kuliko ya bahari ili kuwapunguzia vimelea, kwa hiyo mfuko unaoletwa nyumbani huenda una 27 au 28. Siku hizi napima maji ya mfuko kabla ya kuufungua kabisa, na yakitofautiana sana na yangu naomba radhi kwa mgeni wangu na kumweka kwenye ndoo ya pembeni kwa siku kadhaa, nikimpandishia kidogo kidogo, badala ya kumaliza mambo kwa saa moja ya kumdondoshea maji ya tangi tone kwa tone.

Nimeandika kana kwamba kifaa hakidanganyi, na hilo nalo lilinigharimu. Nilianza na haidromita ya plastiki yenye mkono unaoelea, ambayo huonyesha uzito wa maji ukilinganishwa na maji safi, na kwa bahari alama yake ni kama 1.026 kwenye nyuzi 25. Kiputo kimoja cha hewa kikinasa kwenye ule mkono huunyanyua na kukuonyesha chumvi isiyokuwepo. Nilijifunza kuigonga kidogo kwa kidole na kutazama kiputo kikipanda kama punje ya shanga, halafu ndipo nisome. Chumvi iliyokaukia kwenye mkono nayo huuzamisha na kukudanganya upande wa pili. Rifraktomita ilinipa raha kwa sababu inataka tone tu, nami nikaiamini kupita kiasi. Niliirekebisha kwa maji safi mpaka isome sifuri, nikaona imetosha.

Katikati ya mwaka 2021 maji ya Likoni yalianza kusoma 39. Niliyazimua kwa maji matamu mpaka yasome 35 kabla ya kuyatia kwenye tangi, wiki baada ya wiki, na niliona konokono wanapanda kioo kwa uvivu na kamba wapya niliowapata wanajificha mchana kutwa. Mtoto wa kaka yangu, ambaye sasa alikuwa na miaka 18, alisimama nyuma yangu Jumamosi moja nikikoroga ndoo akauliza, “Shangazi, bahari nzima imebadilika, au ni kifaa?”

Nilikiweka chini. Kesho yake tulikwenda kwa sonara tunayemfahamu, mwenye mizani inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu, tukapima gramu 3.65 za chumvi safi iliyokaushwa na gramu 96.35 za maji yaliyosafishwa. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawa na maji ya bahari yenye 35, kwa hiyo kifaa kizima kinapaswa kusoma 35 juu yake. Changu kilisoma 39. Kwenye maji safi kilikuwa bado kinasoma sifuri. Tangi langu, nililolishusha kwa bidii na kwa nia njema, lilikuwa na 31.

Tulikaza skrubu ndogo ya kifaa mpaka mstari ukatua kwenye 35 ya mchanganyiko ule, nikafunga chupa iliyobaki kwa ajili ya kupimia kila mwezi, na tukajadiliana namna ya kupandisha. Kijana ndiye aliyeitaja njia, kwa sauti ya chini kidogo: kwamba tufanye alichofanya yeye miaka miwili iliyopita. Nilimwambia ndiyo, hiyo hasa. Tulibandika tepu mpya kwenye mitungi, nyekundu kwa bahari na nyeupe kwa maji matamu, na kwa siku kadhaa yaliyokauka tuliyarudisha kwa maji ya mtungi mwekundu, nusu lita asubuhi na nusu lita jioni, tukiandika kila kipimo kwenye daftari: 31, 31.8, 32.5, 33.3. Siku ya tano tulifika 35, na jioni hiyohiyo tukarudi kwenye mtungi mweupe.

Alfajiri iliyofuata niliwasha taa nikaona kando ya jiwe kitu chekundu chenye mstari mweupe kimelala ubavu, na moyo ukanishuka. Nilikisukuma kwa mrija kikageuka kirahisi, kitupu ndani, mwanga ukipita. Lilikuwa gamba. Chini ya jiwe, mbali kidogo, ndevu mbili nyeupe zilikuwa zinapepea, na mwenye nazo alikuwa bado laini, anasubiri kukakamaa.